Vyungu Arobaini na Viwili

Kadi ya rangi za harusi yake ilikuwa mkobani mwa Sigrid Tollefson tangu Agosti: waridi iliyopauka, nyeupe, na kijani cha msonobari. Magauni manne ya wasindikizaji yalikwisha kushonwa kwa rangi hiyo ya kwanza. Sasa ilikuwa tarehe kumi na tisa Desemba, harusi ilikuwa ya tarehe ishirini na nane, na ngazi za madhabahu zilikuwa nyekundu tupu. Vyungu arobaini na viwili vya maua ya Krismasi vilikuwa vimepangwa pale, kila kimoja kimetolewa na familia moja, na kikaratasi chenye jina la marehemu wao.

"Havitoki," alisema Bi Verna Haugland, mkuu wa akina mama wanaotunza madhabahu. "Hadi Epifania, Januari sita."

"Naomba kuiona hiyo kanuni kwa maandishi."

"Kanuni ndiyo hii imesimama mbele yako, mwanangu."

Sigrid alikuwa mpima ardhi. Kazini ugomvi aliumaliza kwa futi kamba. "Bi Verna, nyekundu na waridi zikikaa pamoja zinafanana na mtu aliyeungua jua."

"Watu wamtazame bwana harusi."

"Bwana harusi atavaa suti ya kahawia."

"Ee Bwana! Basi wafumbe macho wasali."

Kuvihamishia chumba cha chini hakukuwezekana; ngazi zake zilikuwa za nje, na nje baridi ya Minnesota ilikuwa nyuzi ishirini na sita chini ya sifuri. Maua yangekufa kabla ya kufika mlangoni. Hatimaye Bi Verna akalegea kidogo: vingeweza kusogezwa nyuma ya viti vya mwisho, mradi kila familia ikubali. "Kila familia, umenisikia? Si nusu."

Sigrid alipiga simu siku tatu. Mzee mmoja alimsimulia kuhusu trekta la marehemu kaka yake kwa dakika ishirini ndipo akakubali. Mjane mmoja alikubali kwa sharti. "Mume wangu Clarence usimweke karibu na chungu cha Orville. Hawakusemeshana tangu mwaka wa sabini na nane hadi wanakufa." Sigrid aliandika hata hilo.

Familia arobaini na moja zilikubali. Ya arobaini na mbili aliiacha hadi mwisho, akidhani ndiyo rahisi. Kikaratasi chake kilisema: Inga Tollefson. Nyanya yake.

Baba yake, Arlen, alikuwa jikoni akipaka siagi chapati ya viazi.

"Hapana," alisema alipoombwa.

"Baba! Watu arobaini na mmoja wamekubali."

"Vizuri. Wamekubali."

"Ni chungu cha maua tu."

"Mama alikaa kiti cha mbele miaka hamsini na mitatu. Simpeleki nyuma wakati hawezi kunijibu." Akaendelea kupaka siagi.

Sigrid aliendesha gari hadi kanisani akiwa amekaza meno. Bi Verna, akiamini Arlen hatakataa, alikuwa ameshavisogeza vyungu vingine vyote. Ngazi zilikuwa tupu, nyeupe, safi kama alivyozitaka tangu Agosti, na katikati kilibaki chungu kimoja chekundu. Alikipiga picha kutoka mlangoni, kutoka kushoto, kutoka viti vya kwaya. Kila picha ilionyesha kitu ambacho mtu alisahau kukiondoa. Alikibeba hadi nyuma ya nguzo, akapiga picha nyingine. Hiyo ilitoka vizuri kabisa. Akaitazama kwa muda. Baba yake angekitafuta kabla hajaketi.

Akakirudisha.

Kisha akampigia mshonaji, akaagiza shali nne za sufu za wasindikizaji, kijani cha msonobari, pana za kufunika magauni hadi kiunoni. Kadi ya rangi akaikunja mara mbili, akaitia kwenye pipa la taka la sakristia, chumba cha kando ya madhabahu.

"Bi Verna," aliita, sauti yake bado kali. "Virudishe vyote."

"Vyote? Mgongo wangu huu?"

"Nitabeba mimi."

Bi Verna alichukua orodha ya Sigrid. "Na huyu Orville nimpange wapi?"

"Mbali na Clarence," alisema Sigrid, akainama kuchukua chungu cha kwanza.