Walihesabu Sare

Nianze na hasira yenyewe, maana nikianza kwa upole nitawadanganya. Kuna muswada wa elimu, ndani ya muswada kuna kifungu cha kumi na nne, na kifungu hicho kinataka kuifunga shule yangu. Kinasema shule shikizi yoyote yenye wanafunzi chini ya sitini ifungwe, watoto wahamishiwe bweni. Shule shikizi ni ile shule ndogo inayowekwa karibu na watoto wadogo ili wasiende mbali hadi shule mama. Yetu iko kisiwani Goziba, na shule mama iko ng'ambo ya ziwa. Sasa niambieni, mzazi gani wa kambi ya uvuvi atampandisha mtoto wa miaka saba kwenye boti akalale bweni Muleba? Hayupo. Shule ikifungwa, watoto wanaishia kwenye vichanja vya kuanikia dagaa, na habari ya kusoma imekwisha.

Naitwa Joviana. Tunafundisha wawili tu pale, mimi na Mzee Rwegasira, msimamizi wa shule, ambaye kisiwa kizima kinamwita Mwalimu Mkuu, na yeye anaitika. Tuna watoto zaidi ya mia. Wengine wamekaa chini, wengine juu ya matofali, lakini wapo, na wanasoma. Basi taarifa ya utafiti iliyopelekwa kwa kamati inayoshughulikia muswada ilisema sisi tuna wanafunzi arobaini na wawili. Niliisoma kwenye simu, nikaisoma tena. Nikasema hawa watafiti wamelewa.

Kumbe hawakulewa. Walikuja kweli, na walihesabu kweli. Siku waliyokuja mimi nilikuwa Hamugembe, mjini Bukoba, kwenye msiba wa shangazi yangu. Niliporudi nilimuuliza Kokuhirwa, mtoto wa darasa la tatu, wageni walikuwaje. Kokuhirwa ndiye msomaji wangu bora, anamsomea hata bibi wa jirani maandishi ya kwenye pakiti za dawa. Akanijibu hivi, bila hata kulalamika: "Sisi hatukuwaona, Mwalimu. Wasio na sare tulipelekwa vichanjani tugeuze dagaa. Mwalimu Mkuu alisema sisi tungewaaibisha."

Jamani! Na Kokuhirwa ni nani? Ni mjukuu wake Rwegasira mwenyewe, mtoto wa mwanawe Avit, aliyekwenda Mwanza akasahau kama ana mtoto.

Nilimfuata mzee nyumbani kwake. Nilimkuta anapiga brashi suti yake. Hiyo suti lazima niieleze. Ni ya bluu, nzito, alishonewa Bukoba kwa harusi ya Avit, na tangu hapo ndiyo anayoivaa kila akija mgeni, awe mkaguzi, awe mchungaji, jua liwake vipi. Watu hutucheka sisi Wahaya, wanatuita nshomile, eti tunajiona tumesoma kuliko wengine. Mimi huwa nabisha. Siku ile sikuwa na la kubishia.

"Mwalimu Mkuu, watoto uliwaficha kweli?"

"Sikuwaficha. Niliwapangia kazi ya nje." Akaendelea na brashi. "Waitu, Joviana, mgeni ametoka Dodoma. Unataka aone watoto wenye magamba ya dagaa miguuni, aende aseme kwa Rwegasira hakuna shule, kuna genge? Mgeni huonyeshwa sebule, haonyeshwi jikoni."

"Wamehesabu sebule, Mzee! Wanafunga nyumba!"

"Na sikupendelea," akasema, kama vile hakunisikia. "Hata mjukuu wangu nilimtoa. Sketi yake iliungua motoni, na nyingine hana. Nikamwambia na wewe nenda."

Alilisema hilo kwa kujivunia. Mungu wangu, alijivunia!

Niliwatumia watafiti ujumbe wa kusahihisha. Nikajibiwa kwa adabu kwamba utafiti umeshafungwa, na kwamba idadi ile ilithibitishwa na msimamizi wa shule, hivyo anayeweza kuitengua ni yeye, mbele ya kamati, itakapokuja Bukoba kukusanya maoni ya wananchi. Kwa hiyo shule nzima ikabaki kuning'inia kwenye mdomo wa mtu mmoja, na mtu mwenyewe ni Rwegasira.

Tulikwenda wote wawili. Tulilala Bilele kwa dada yangu Elieth, na asubuhi akatupikia ndizi na maharage. Mzee alikula ameshavaa suti, kitambaa shingoni kama mtoto. Nikamwomba. Nilimwomba kwa heshima zote ninazozijua, nikamwita tata, yaani baba, nikamwambia aseme tu sentensi moja: watoto wengine niliwatoa nje.

"Mbele ya watu?" akauliza.

"Mbele ya watu, tata."

"Ukumbini watakuwapo niliosoma nao. Atakuwapo mchungaji aliyenibariki. Nisimame niseme niliwaonea aibu watoto wangu?" Akasukuma sahani. "Tutawaeleza kwa busara."

Dada yangu alinikanyaga mguu chini ya meza ninyamaze. Nikasukuma sahani yangu pia.

Ukumbi ulijaa. Mbele walikaa waheshimiwa na chupa zao za maji, na mwenyekiti wao alikuwa Mheshimiwa Violeth, mama mwenye sauti laini kama anabembeleza mtoto. Alianza kwa kutuambia kwamba siku hizi sheria haitungwi kwa hisia, inatungwa kwa ushahidi. Watu wakapiga makofi. Kisha akasimama mtafiti aliyekuja kutuhesabu, Daktari Mushumbusi, kijana wa huku huku kwetu, akaonyesha ukutani michoro ya rangi. Visiwa vilikuwa vimepakwa nyekundu. Akasema gharama ya kumsomesha mtoto mmoja kisiwani ni kubwa mno kwa sababu watoto ni wachache. Alisema vizuri, tena bila ubaya. Hicho ndicho kilichoniudhi zaidi, maana ubaya ungenipa pa kushika.

Nilipopewa kipaza sauti nilisema: "Mheshimiwa Mwenyekiti, huo ushahidi umehesabu sare, haukuhesabu watoto. Watoto zaidi ya nusu siku ile walikuwa vichanjani, wanageuza dagaa."

Minong'ono ikapita. Mushumbusi akaangalia makaratasi yake. Mheshimiwa Violeth akaniuliza nani alishuhudia. Nikasema Mwalimu Mkuu yuko hapa.

Rwegasira akainuka. Akafunga kifungo cha koti. Akasalimia meza kuu, akamsalimia mchungaji, akasalimia na ukumbi. Nikasema moyoni, haya, Mungu msaidie.

"Mheshimiwa Mwenyekiti," akasema, "shule yangu ni nadhifu na ina nidhamu. Siku ile wanafunzi wangu wote walikuwa darasani."

Akakaa! Wallahi angekuwa mwanangu ningemchapa. Nyuma yangu mtu akacheka, akasema, "Kumbe huyo dada ni mwongo." Mwongo ni mimi! Mheshimiwa Violeth akanyoosha mkono nirudishe kipaza sauti, nami sikukirudisha. Mhudumu akaja kukichukua, nikakishika kwa mikono miwili.

"Tata," nikasema, na sikujali tena kwamba ukumbi unasikia, "Kokuhirwa ni mwanafunzi wako au si mwanafunzi wako?"

Akatazama viatu vyake.

"Mjukuu wako, tata. Anayekusomea Biblia jioni macho yako yakichoka. Siku ile alikuwa wapi?"

Nilimwona anapapasa kifungo cha koti, anakifungua, anakifunga. Aliposimama mara ya pili hakusalimia mtu.

"Alikuwa vichanjani," akasema. "Nilimpeleka mimi. Yeye na wenzake. Niliwaonea aibu." Halafu akabaki amesimama, hajui akae au aondoke, mpaka mchungaji akaenda kumshika mkono.

Mimi nililia pale pale, na nilikuwa bado na hasira naye. Vyote viwili kwa pamoja.

Mheshimiwa Violeth alimshukuru kwa uungwana wake. Akasema kamati imepokea, italifanyia kazi. Tukarudi kisiwani tukiamini tumeshinda. Bandarini nikamnunulia mzee soda, ndiyo njia yangu ya kuomba radhi bila kuomba.

Basi wakalifanyia kazi! Rasimu mpya ya kifungu ilipotoka, Mushumbusi alinitumia kwa simu. Shule zitahesabiwa upya kabla muswada haujarudi bungeni, vizuri. Lakini ili mabishano kama yale ya Bukoba yasijirudie, wameongeza maelezo: atakayehesabiwa kuwa mwanafunzi ni mtoto aliyeandikishwa, anayehudhuria, na mwenye sare. Mwenye sare! Yaani mzee wa watu alivuliwa heshima yake mbele ya mji mzima, na wao wakachukua kosa lake wakalifanya sheria. Alichokifanya yeye asubuhi moja kwa aibu, wao wanataka kifanyike nchi nzima kwa kalamu. Nilirusha simu kitandani. Kama kitanda kisingekuwapo, sasa hivi nisingekuwa na simu.

Nilimsomea Rwegasira ile rasimu. Nilitaka akasirike. Hakukasirika. Aliuliza tu wanakuja lini, kisha akaingia ndani.

Kesho yake Mastura, fundi cherehani wetu, akaniita nikiwa napita. Mezani pake kulikuwa na ile suti, imekunjwa vizuri.

"Mwalimu, huyu mzee ana akili timamu?" akaniuliza. "Ameniambia nikate. Nimemwambia hii ni suti ya harusi, akaniambia, sketi za shule ni rangi gani? Bluu. Basi kata."

"Umekata?"

"Nawezaje? Nilikuwa nakusubiri wewe."

Nilikaa kwenye benchi lake nikaigusa ile nguo. Nikamwambia akate. Suruali ikatoa sketi mbili, koti likatoa sketi ya Kokuhirwa na kaptula ya mtoto mmoja mdogo sana. Mastura alitaka kuufumua mfuko wa ndani wa koti, Kokuhirwa, aliyekuja kupimwa, akakataa, akasema ataweka penseli humo.

Watoto wanne, na arobaini na wawili ukiongeza wanne haifiki sitini. Waliobaki bila sare ni zaidi ya hamsini. Hesabu hiyo hata mtoto wa darasa la kwanza anaiona.

Siku Mushumbusi alipokuja kuhesabu upya, nilitoka kumpokea na meno nimeyauma. Alikuja na kishikwambi chake na jaketi la kuokolea maisha bado liko shingoni. Nikamtafuta Mwalimu Mkuu, hayupo. Nikasema huyu mzee ameanza tena, yuko vichanjani anawaficha.

Kweli alikuwa vichanjani. Lakini alikuwa anatoka huko, amewafuata watoto waliokuwa wakiwasaidia wazazi kabla ya kengele. Alitangulia mbele, amevaa shati lililochanika kola na suruali yake ya kulimia, ndala miguuni. Nyuma yake watoto wote wasio na sare, wamejipanga wawili wawili, wengine na magamba ya dagaa hadi magotini, harufu ikawatangulia. Hakuwanawisha hata uso. Akawapitisha katikati ya uwanja, mbele ya mgeni, akawaingiza darasani, akawakalisha mbele. Wenye sare akawaweka nyuma.

"Shikamoo, Mzee," Mushumbusi akasema. Alikuwa anamtazama kama anatafuta mtu mwingine, yule wa ukumbini.

"Marahaba. Hesabu."

Mushumbusi akakohoa. "Mzee, maelekezo niliyopewa ni kuhesabu wenye sare. Wengine nitawaandika kwenye maoni."

Rwegasira hakupaza sauti. Kwa miaka yote niliyofanya naye kazi sijawahi kumsikia akiongea taratibu vile.

"Nitazame vizuri, mwanangu. Ulipokuja mara ya kwanza nilikuwa na suti, nawe ukaandika kwamba hapa kuna mwalimu. Leo sina. Kama mtoto asiye na sare si mwanafunzi, basi na mimi si mwalimu. Nifute kwanza mimi, ndipo uwafute wao."

Kokuhirwa akainuka kule nyuma, akafunua daftari na kuanza kusoma kwa sauti, maana alidhani mgeni amekuja kusikiliza wanaosoma. Hakuna aliyemwambia akae. Alisoma ukurasa mzima.

Mushumbusi akavua lile jaketi la kuokolea maisha, akaliweka chini. Akaanza mstari wa mbele. Aliwagusa kichwa mmoja mmoja, wenye magamba na wasio na magamba, akahesabu wote. Sijui kule Dodoma wataifanyia nini hesabu hiyo. Mimi siwaamini, na sitawaamini mpaka nione kifungu kile kimefutwa.

Alipomaliza alinifuata mlangoni, amekunja uso juu ya kishikwambi. Akasema kuna kisanduku cha sare, na mashine haimruhusu kutuma mpaka akijaze.

"Nijaze nini, Mwalimu?"

"Andika suti moja," nikamwambia. "Na ukifika Dodoma, waulize wao watakata ngapi."