Asali Kutwa Mara Mbili

Usiku wa kuamkia leo niliota nimebeba makala yangu ya utafiti kichwani, ndani ya kiroba cha mahindi, naipeleka kwenye jarida la tiba. Barua pepe ilikuwa haijavumbuliwa. Kila mtu njiani alikuwa na kiroba chake, na changu ndicho pekee kilichokuwa kinavuja.

Nieleze kwanza jinsi nilivyolala. Mimi ni daktari wa vidonda hapa Tabora, na pia nafundisha. Nimekaa kwenye cheo kimoja mpaka Masele, niliyemfundisha kushika mkasi, sasa ndiye anayenisainia likizo. Ili nipande nahitaji makala moja tu ichapishwe, na ninayo: nusu ya wagonjwa niliwapa asali ya kujifungia vidonda nyumbani, nusu wakafungwa kwa dawa ya kawaida. Asali ilishinda, lakini ushindi wenyewe mwembamba, wa aina ambayo majarida hayaitaki. Aliyeniharibia ni mgonjwa mmoja wa asali, namba arobaini na moja, Bi Kalunde, ambaye kidonda chake cha mguuni kilikataa katakata kupona. Nilisinzia mbele ya kompyuta nikiwa nimeshauchagua mstari wake kwenye jedwali, kidole kiko juu ya kitufe cha kufuta.

Getini nakutana na stepla, ndefu kunishinda, imevaa kofia ya mlinzi. Inaniambia muhtasari mwisho maneno mia mbili na hamsini. Inaingiza mdomo kwenye kiroba na kuanza kuyatoa yaliyozidi. Zile "hata hivyo" zangu zinatoka nyingi, zinakwenda kukaa kivulini kama ndugu waliokuja msibani. Kisha inatoa "kwa kuzingatia muktadha huo". Tunaitazama wote. Hakuna anayejua ilikuwa inafanya kazi gani mle ndani, na mimi niliyeiandika sijui zaidi ya wengine.

Nyuma yangu anakuja Pii. Watafiti wanamfahamu: ni ile namba ndogo ya kupimia kama matokeo yana uzito au ni bahati tu, na majarida huipenda ikiwa chini ya sufuri nukta sufuri tano. Wangu ni sufuri nukta sufuri sita. Ndotoni ni mwanamume mrefu aliyevaa suti yangu ya harusi, mikono ya koti imeishia kwenye viwiko. Mlango wa jarida ni mfupi. Anajigonga kichwa, anarudi nyuma, anajaribu kwa ubavu, anajigonga tena.

Namwambia ainame. Ananijibu kwamba ameinama tangu siku ya kwanza, na kwamba nimemkokotoa kwa kila njia iliyomo kwenye kompyuta hadi kiuno kinamuuma.

"Mtoe mtu mmoja," anasema. "Nitapita bila hata kuvua kofia."

"Mtu gani?"

"Daktari, usinitanie. Umelala na jina lake."

Hapo mlangoni pakawa chumba chetu cha kufungia vidonda, bila mtu yeyote kutuhamisha. Wagonjwa wangu wote wamekaa kwenye benchi, na juu yao yuko Mhariri Mkuu. Mhariri Mkuu ni feni ya dari. Inazunguka polepole na kila mzunguko inatoa neno moja, kwa hiyo hata salamu yake inachukua muda. Wahakiki wawili wamefungwa bendeji machoni ili wasimjue mwandishi. Wa kwanza anasema kazi ni nzuri, kisha analala. Wa pili ananinusa kiganja na kuuliza kwa nini sijazitaja makala zake.

"Wote. Waliopewa. Asali. Wahesabiwe," inasema feni.

Kanuni hiyo naijua. Naifundisha. Ukishampangia mtu dawa unamhesabu hadi mwisho, apone asipone, aitumie asiitumie. Darasani huwa naisema kwa sauti nzito, mkono mmoja mfukoni.

Stepla inaninong'oneza kuwa njia ipo. Niandike kwamba mgonjwa alipotea, maana watu hupotea kila siku. Basi nainuka kwenda kumpoteza Bi Kalunde, ambaye amekaa palepale mbele yangu, kanga ameikunja magotini.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, Dokta. Umekuja kunitoa?"

Nilimwambia si kumtoa, ni kumpumzisha. Nikaona aibu, kwa sababu nilijisikia nikilisema hilo kwa ileile sauti yangu ya darasani. Ili kuivunja aibu nikamuuliza, ikiwa wenzake wamepona kwa asali hiyohiyo, yeye alikuwa anaipaka vipi.

"Kupaka?" anauliza. "Mimi niliila na matobolwa."

Matobolwa ni viazi vyetu vikavu, na kwa asali ni vitamu mno, hilo siwezi kubishana naye. Namuuliza nani alimwambia aile. Anatoa chupa mkobani na kunionyesha karatasi iliyobandikwa ubavuni. Imeandikwa: asali, kutwa mara mbili. Basi. Haisemi ipakwe, wala ipakwe wapi. Mwandiko ni wangu, ule wa haraka ninaojivunia.

"Nilifuata, Dokta. Asubuhi na jioni, sikuruka hata siku moja. Na kidonda hakina ulimi."

Pii anakaa chini. Mimi nalitazama benchi, na benchi zima linalamba midomo. Je, wale waliopona walipaka au walikula? Sikuuliza. Mtafiti aliyekomaa anajua mahali pa kuacha kuuliza.

Niliogopa, sina haja ya kuficha. Niliona cheo changu kinaondoka kwa sababu ya mguu wa bibi mmoja, na nikamchukia kidogo, yeye aliyenitii kuliko mwanafunzi wangu yeyote.

Kitufe cha kufuta kinachomoza sakafuni na kusema kiko tayari. Nanyoosha kidole. Bi Kalunde ananiwahi. Anachovya kidole chake kwenye chupa na kukipaka kitufe asali, safu nyembamba, kutoka pembeni kuja katikati, vilevile ninavyowafundisha wauguzi. Hana haraka. Akimaliza anakifuta kidole kwenye kanga na kuniangalia.

"Sasa nimeelewa," anasema. "Kumbe inapakwa panapouma."

Niliamka shingo imepinda, shavu liko mezani. Kumekucha. Kompyuta iko wazi na mstari wa arobaini na moja bado una rangi ya bluu. Sitaki mtu anisifu kwa uaminifu, kwa hiyo naandika kama ilivyokuwa: nilibonyeza kufuta. Kitufe kilizama, kikakwama chini, na mstari haukutoka. Nikabonyeza tena kwa nguvu. Safari hii kidole ndicho kilichonata, na sisimizi wawili waliokuwa wanakizunguka kitufe wakasogea kunipisha.

Nikapaza sauti kumuuliza mke wangu nani amekula asali juu ya kompyuta yangu.

"Asali gani, Baba Limi?" alijibu Skolastika kutoka jikoni. "Si uliigawa yote kwa wagonjwa wako, hata ya chai hukutuachia."

Kisha nikaenda kwenye sehemu ya mapungufu ya utafiti na kuandika kwamba chupa hazikueleza asali ipakwe wapi, na kwamba kuna mgonjwa aliyeila. Chanzo cha taarifa hiyo sikukitaja. Nikamwacha Bi Kalunde kwenye mstari wake, nikamwacha Pii na urefu wake wote, nikatuma. Kitufe cha kutuma hakikuwa na tatizo lolote.

Ndipo nikakilamba kidole. Ilikuwa asali ya miombo, nzuri ajabu. Hata mimi nisingeipaka mguuni.