Meza ya Dirishani

Kwa Nekoye, ghorofa ya pili juu ya duka la mbolea, watu hawakosi siku yoyote. Wanaocheza game hulipa, wasiocheza husimama nyuma yao wakiwaonyesha walivyokufa vibaya, na wengine hupanda ngazi kusikia tu nani ameachana na nani. Lakini Jumamosi hiyo hata ngazi zilijaa. Watu walikuja kuona Jamleck akichinja mwanafunzi wake.

Ugomvi ulikuwa wa meza. Nekoye ana kompyuta arobaini na meza moja tu ya fundi, ile ya dirishani, yenye taa yake na soketi zake nne. Anayekaa hapo ndiye hutengeneza mashine zote za nyumba, na wateja wa nje, hata wale matajiri wa Milimani ambao watoto wao hawachezi bila mashine ya kuwaka rangi, humletea yeye. Asiye na meza hutembea na bisibisi mfukoni akiomba kazi. Jamleck alikuwa ameikalia miaka sita. Sasa Jepleting, aliyeshika bisibisi mara ya kwanza pale pale, amesema mbele ya watu kwamba anaitaka.

Ubaya ni kwamba nyumba hiyo ilikuwa na dini mbili. Kulikuwa na wa buluu, watu wa Intel, na wa nyekundu, watu wa AMD, na hao hawakuoleana. Kampuni moja ikitoa processor mpya, ile chip inayoendesha kompyuta, huko ng'ambo, huku Nakuru watu walinuniana wiki nzima. Jamleck alikuwa buluu damu. Alipenda chip ya mbio, inayokula stima kama posho mill na haiombi msamaha. Jepleting alihamia nyekundu. Alisoma, akapima, akasema wale wengine wamerundika memori ndani ya chip yenyewe, game haingoji data itoke mbali, na kwamba kwa michezo buluu imepitwa. Alisema hivyo wateja wakisikia. Jamleck alimtupia mkoba wake kwenye ngazi siku hiyo hiyo.

"Enda ukalime viazi na mamako Sachangwan," alimwambia. "Huko hakuna frame za kuhesabu."

Sheria za kushindania meza Nekoye aliziweka mwenyewe. Kila mtu aje na vitu vipya, box zifunguliwe mbele ya watu, isije ikasemwa chip ilichezewa. Mnajenga kompyuta kwa saa moja. Hakuna kugusa ya mwenzako. Kisha game moja, nusu saa, na inayohesabiwa ni frame, picha ngapi kwa sekunde, ya chini kabisa, pale mashine inapolemewa, si ile ya juu ya kujisifia. Anayeshindwa, processor yake inatobolewa kwa drili na kuning'inizwa kwenye uzi mlangoni. Uzi ulikuwa na chip kumi na moja. Tisa zilitobolewa na Jamleck.

Saa nane mchana Nekoye aligonga kikombe na kijiko, wakaanza.

"Jepleting, uko na majani?" akaita Njuguna, mdomo mkubwa wa upande wa buluu. "Ikichemka tutapika chai."

"Yenu ndiyo hupika chai," akajibu Wangare wa nyekundu. "Mwaka jana nikiwa na buluu, landlord aliniuliza kama nimefungua bakery."

Nyumba ikacheka. Jepleting hakucheka, mikono ilikuwa kazini. Ilikuwa mikono mizuri, na Jamleck aliijua kwa sababu aliifundisha. Aliilaza chip kwenye soketi kama mtu anayelaza mtoto, akafunga chuma chake, akapaka ile dawa ya kijivu ya kupitisha joto. Chip hiyo ilikuwa viazi vya mamake vya msimu mzima. Kila mtu alijua. Kwa Nekoye siri hailali.

Kisha akatoa feni kwenye box, feni kubwa yenye bamba la shaba chini, lile linalolalia processor na kunyonya joto. Jamleck aliinua macho akitafuta koleo, ndipo akaona.

Chini ya shaba kulikuwa na plastiki. Nyembamba, angavu kama maji, haina hata herufi moja. Kiwandani huibandika shaba isikwaruzwe, na fundi huibandua kabla ya kufunga. Usipoibandua, joto hupanda, linagonga plastiki, linarudi kwa chip.

Jepleting hakuiona kwa sababu hakujua huwa iko. Na hilo lilikuwa kazi ya Jamleck. Miaka minne alimpa feni kuukuu tu, za mashine za ex-UK, ambazo plastiki yake ilibanduliwa zamani na mzungu fulani huko kwao. Feni mpya Jamleck alizifungua peke yake, amewapa watu mgongo, kama mtu anayekula nyama asiyotaka kugawa. Mwanafunzi ukimfundisha yote, alizoea kusema, atakufundisha njaa.

Alikuwa na nafasi ya kusema. Sheria ilikataza mkono, haikukataza mdomo. Feni ilikuwa bado hewani.

Jepleting aliona anatazamwa. Akadhani ni ule utazamaji wa zamani.

"Niko sawa, mwalimu?"

"Uko sawa kabisa," Jamleck akasema.

Feni ikashuka, skrubu nne zikakazwa, na Jamleck akainamia mashine yake akiuma midomo, maana kicheko kilikuwa kinamtoka.

Game ilipoanza, wa nyekundu walipata dakika zao nne. Mashine ya Jepleting ilikimbia. Namba zilisimama juu ya zile za Jamleck, na hazikuyumba hata moshi na risasi zilipojaa skrini. Wangare alipanda juu ya kiti. Jamleck aliziangalia namba hizo. Chip ya msichana ilikuwa inamshinda ikiwa imefungwa kitambaa mdomoni.

Kisha joto likafika digrii tisini na tano, na mashine ikaanza kujipunguza mwendo isiungue. Mia mbili ikawa mia na kumi. Mia na kumi ikawa hamsini. Watu kwenye skrini wakaanza kutembea kama wana matope miguuni.

"Imeenda kuteka maji," akasema Njuguna. "Itarudi jioni."

"Mfungulieni dirisha mgonjwa."

"Si ulisema buluu imepitwa? Mbona yako imeketi chini?"

Jepleting alibadilisha hiki na kile kwa kibodi, jasho likimshuka kwa sikio. Wangare alikuwa ameshuka kwenye kiti. Nekoye aliuliza kama wakomeshe, na Jamleck akasema hapana, nusu saa ni nusu saa. Dakika ishirini na tatu zaidi alimwacha aonekane. Mwishoni ya Jamleck ilisoma mia na kumi na nane. Ya Jepleting kumi na tisa.

Nekoye mwenyewe alifungua feni ili chip itolewe ikatobolewe. Feni ikaachia kwa sauti ya kunata, na pale shaba ilipopaswa kuwa uchi kulikuwa na plastiki imejikunja kwa joto, dawa ya kijivu imeganda juu yake.

"Hii ni nini?" Nekoye akauliza.

Jepleting aliichukua. Aliibandua polepole mpaka shaba safi ikatokea, akakaa akiitazama. Kisha akamgeukia Jamleck.

"Mwalimu, uliona?"

"Niliona."

Jepleting akaikunja plastiki kiganjani.

"Sasa nini?" Jamleck akaendelea. "Nilikuwa mshindani wako ama nilikuwa mamako?"

Nyumba ikapasuka kwa kicheko. Walicheka wa buluu, wakacheka wa nyekundu, wakacheka hata wa kwenye ngazi ambao hawakuwa wamesikia vizuri. Mtu akamwita Jepleting "Mama Plastiki", na jina likapita toka mdomo huu hadi ule kama njugu.

"Turudie," Jepleting akasema. "Nusu saa tu. Chip ni nzima."

"Sheria ni sheria. Lete drili."

"Mwalimu, ni ya mathe."

"Atapanda viazi vingine."

Akaitoboa mwenyewe, na hakuharakisha. Alikuwa ameona zile dakika nne za kwanza, na hakutaka chip hiyo iwake tena karibu naye. Vipande vyembamba vya shaba vilizunguka kwenye ncha ya drili vikaanguka mezani. Jepleting alisimama hapo mpaka mwisho. Kisha akachukua mkoba.

Jamleck akakaa kwenye kiti chake, akapanguza vumbi. "Haya. Nani alikuwa ananingoja?"

Alikuwa mzee Kipketer, mwenye duka la vipuri, aliyeacha mashine hapo wiki mbili. Akaja karibu, hana hasira yoyote.

"Boss, yangu ulisema inazima kwa sababu ya stima."

"Ndiyo, mzee."

"Ni hiyo tu uliona? Ama kuna ingine uliona ukanyamaza?"

Jamleck akaanza kueleza. Mzee alimsikiza kwa adabu huku akichomoa nyaya, akabeba mashine yake kifuani. Nyuma yake mtu mwingine akaja kuchukua yake, na mwingine. Njuguna mwenyewe, buluu wa kuzaliwa, alikuja akichekacheka, akachukua ya dadake.

"Meza umeshinda, kaa," Nekoye akasema. "Lakini hizi zangu arobaini usiguse hata moja. Sijui umeona nini kwazo."

Chini kwenye ngazi Kipketer aliita, "Mama Plastiki. Ngoja kidogo."

Jepleting alishuka ngazi mbili zaidi, akasimama, mgongo kwao. Watu wakangoja waone kama ataitika jina hilo. Akageuka, akapokea mashine.

Jumatatu nyumba ilijaa kama kawaida. Jepleting alikuwa amepiga magoti kwenye kona ya ngazi, mashine tano mbele yake, na kila aliyepita alimuuliza kama amebandua. Jamleck alikuwa dirishani, mikono juu ya meza safi. Wangare akaja akasimama mbele yake.

"Boss, hiyo taa unaitumia? Mama Plastiki haoni kule kwenye kona."

"Naitumia."

Wangare akaiangalia meza, akamwangalia yeye, akaendelea kungoja.