Winchi ya Kumtoa Kiprugut

Jumamosi moja ya mwezi wa Machi, mwaka wa hamsini na tano, winchi tatu zilikuwa zimelazwa juu ya magunia katika gereji ya Mehar Singh mjini Nakuru, na watu wanne walikuwa wamezizunguka kama wanunuzi wa mbuzi.

Aliyechuchumaa mbele alikuwa Bwana Mluzi, mwenye shamba kule Rongai. Aliitwa hivyo kwa sababu aliwaita wafanyakazi na mbwa wake kwa mluzi mmoja, na mara nyingi mbwa ndio walioelewa kwanza. Babake alifanya vivyo hivyo mpaka akafa, basi yeye alikuwa Mluzi Mkubwa. Nyuma yake alisimama Kipkemei, dereva, kofia mkononi. Mehar Singh, fundi mwenyewe, alikuwa akipangusa grisi kwenye ndevu, jambo ambalo lilizidisha grisi. Wa nne alikuwa Jeruto, mkamuaji, mama wa miaka hamsini na moja, aliyekuja amekaa nyuma ya pikapu ya Bwana akishikilia mikebe ya malai isimwagike. Hakuna aliyemwita. Hakuna aliyemfukuza pia, maana mtu anayenuka maziwa watu humsahau haraka.

Winchi ya kwanza ilikuwa ya kuzungusha kwa mkono. Ya pili ilivuta kwa kamba ya katani. Ya tatu ilikuwa imetolewa kwenye lori la jeshi kule Gilgil. Ilikuwa na pipa nene la kuzungushia waya, na mhimili wake ulifungwa kwenye giaboksi ili injini yenyewe ndiyo ivute.

"Hii ya mkono iko nyepesi," alisema Bwana Mluzi.

"Nyepesi, ndiyo, Bwana," alisema fundi. "Pikapu yako ni tani moja na nusu. Ikizama, tope nalo linavuta. Hesabu mara mbili."

Bwana akaenda kujisaidia nyuma ya gereji. Jeruto akasogea.

"Fundi, ipi inaweza kutoa kitu ambacho kimeshazoea kukaa chini?"

"Kimekaa muda gani?"

"Miaka thelathini na miwili."

"Kizito?"

"Alikuwa mwembamba. Lakini ameshika mkia wa ng'ombe."

Mehar Singh alifikiri kidogo, akapiga hesabu kwa chaki ukutani: mtu, ng'ombe, tope la miaka thelathini na miwili. "Basi ya mkono haifai, mama. Ya Gilgil."

Bwana aliporudi akifunga mshipi, Jeruto alikuwa akimwambia Kipkemei, kwa sauti ya mtu anayesema siri akitaka isikike, kwamba bwana mmoja wa Elburgon alikuwa amechungulia ile kubwa Alhamisi. Mluzi aliichukua ile kubwa. Hakuuliza hata ni bwana gani, na vizuri, kwa sababu hakuwapo.

Sababu ya Jeruto ilikuwa hii. Shambani kwa Mluzi palikuwa na sheria mbili. Mjane wa mtu aliyefia kazini aliachiwa nyumba yake mpaka afe. Mke wa mtoro hakuwa na nyumba. Mume wake, Kiprugut, alikuwa amezama mwaka wa ishirini na tatu pale barabara inapokatiza tope jeusi, akisukuma gari la ng'ombe la Mluzi Mkubwa. Mluzi Mkubwa alikuwa amekaa juu ya gari akimwambia asukume. Jioni ile gari lilitoka, Kiprugut hakutoka, na kesho yake katika kitabu cha wafanyakazi, mbele ya jina lake, paliandikwa "Mtoro". Hakuja kazini, sasa wangeandika nini?

Kwa miaka mingi hakuna aliyejali, kwa kuwa Jeruto alikamua ng'ombe kumi na wanne kila asubuhi. Lakini sasa Bwana alitaka kufuga nguruwe, na mahali pakavu, penye kivuli na maji karibu palikuwa palipo nyumba ya Jeruto. Karani Zeddy alifungua kitabu, akakuta lile neno, akamwambia kwa upole ahame kabla ya tarehe thelathini Aprili. Nguruwe walikuwa njiani na karatasi zao, kila mmoja na namba sikioni.

"Lete ushahidi kwamba alifia kazini, mama," alisema Zeddy. "Kitabu hakiwezi kuamini mdomo."

Basi Jeruto akaanza kutafuta winchi.

Kuifunga kulichukua siku tatu. Mehar Singh alikata bampa ya mbele, akalaza bamba la chuma kati ya mbavu mbili za chesisi, akatoboa matundu manane na kukaza bolti nane mpaka akatoa sauti kama anayejifungua. Pua ya pikapu ikainama chini kwa uzito. Akaongeza majani mawili kwenye springi, ikainuka kidogo, kama mtu aliyeambiwa asimame wima naye hataki. Mwisho akachomeka pini laini katika mhimili.

"Hii pini ni ya kukatika," alimwambia Kipkemei. "Ukivuta kitu kizito mno inakatika yenyewe, giaboksi inapona. Ikikatika, weka pini nyingine kama hii. Usiweke msumari."

"Siwezi kuweka msumari," alisema Kipkemei. Hivyo ndivyo husema kila dereva.

Mvua kubwa zilianza wiki ya pili ya Aprili. Jumanne baada ya kukamua, Kipkemei aliisimamisha pikapu ukingoni mwa tope jeusi, akafunga mnyororo kutoka nyuma ya pikapu hadi kwenye mti wa mgunga ili isivutwe yenyewe. Jeruto akahesabu hatua kumi na tisa kutoka kwenye nguzo ya kona, akainua gauni, akaingia mpaka magotini na ndoano mkononi. Akaiachia. Waya ukateremka wenyewe, taratibu, ukasimama.

"Vuta," alisema.

Pipa likazunguka mara nne. Pini ikakatika. Kipkemei akaangalia kulia, akaangalia kushoto, akachomeka msumari wa inchi sita.

Kwanza ilitoka nira. Halafu pembe mbili, halafu ng'ombe mzima, dume jekundu, ambaye alisimama, akajitikisa, akaenda kula nyasi upande wa pili wa seng'enge. Nyuma ya mkia alitoka Kiprugut, kijana wa miaka ishirini na minne, blanketi likiwa bado limefungwa begani. Akatema tope. Akamwona mwanamke mtu mzima amesimama mbele yake.

"Habari ya asubuhi, mama. Gari limetoka?"

"Limetoka."

"Vizuri. Mzee alikuwa amekasirika sana." Akajipangusa macho. "Mama, hujaona mke wangu? Ni msichana mrefu, mdomo mwingi."

"Nimemwona," alisema Jeruto. "Urefu umepungua."

Kiprugut akamtazama sana. Halafu akacheka, akasema kumbe mdomo umebaki, na wakaenda nyumbani akala ugali wa sufuria nzima. Majirani walikuja kumsalimu. Walimwuliza kama kule chini kuna baridi. Alisema kuna unyevu tu. Wanawake waliuliza Jeruto atamfanyia nini mwanamume mdogo hivyo, naye akasema ataanza kwa kumwosha, mengine yatafuata.

Kesho yake wakaenda ofisini. Bwana Mluzi alikuwa ameshajua habari ya dume, na alikuwa ameshaamuru lipigwe chapa, kwa sababu lilikuwa la babake. Halikuulizwa lilikuwa wapi. Sasa akamtazama Kiprugut, kisha kitabu, kisha Kiprugut.

"Hii mtu nani?"

"Ushahidi, Bwana," alisema Jeruto. "Ndiye yule aliyefia kazini."

"Nakufa?"

"Ndiyo, Bwana," alisema Kiprugut. "Nikisukuma."

Mluzi akaweka kiko mezani. Ilikuwa asubuhi nzuri kwake, maana mara chache mtu hupata hoja kama ile bila kuitafuta. "Kama wewe nakufa, wapi maiti? Hapa hapana maiti. Hapa iko mtu nasimama. Kama hapana kufa, basi iko toro."

Zeddy aliigeuza hoja ile juu chini akilini, akaona haina tundu. Jeruto alijuta, kwa mara ya kwanza, kwamba winchi ilikuwa nzuri. Ile ya mkono ingetoa mifupa.

"Toro napelekwa polisi," Bwana aliendelea. "Au namaliza kandarasi. Siku ngapi nabaki?"

Zeddy akatazama. Kiprugut alikuwa amebakiza siku arobaini na moja za kazi. Akapewa jembe. Kwa kuwa alikuwa mtu wa kandarasi, na mtu wa kandarasi huishi na mke wake shambani, Jeruto alibaki katika nyumba mpaka siku hizo ziishe. Nguruwe waliwekwa kwa muda katika ghala la mbolea, wakalalamika.

Jeruto alihesabu. Siku arobaini na moja zingeisha mwanzoni mwa Juni. Akafikiri usiku mmoja tu. Asubuhi akampeleka mumewe dispensari.

Dresa alimshika Kiprugut mkono, akatafuta mpigo. Akajaribu mkono mwingine. Akaweka mpira wa kusikilizia kifuani, akasikia kitu kama maji yakitembea mbali. Alikuwa mtu mwangalifu, mwenye cheti. Akaandika: "Hafai kwa kazi. Apumzike siku sita. Arudi tena."

Siku ya ugonjwa haihesabiwi katika kandarasi. Sheria hiyo ilitungwa ili wafanyakazi wasijifanye wagonjwa, na ilifanya kazi sawasawa kwa miaka mingi kwa watu wenye mpigo. Kiprugut alipumzika siku sita, akarudi, mpigo bado, akapewa sita nyingine. Kila asubuhi Zeddy alipoita majina, Jeruto aliitikia kwa niaba yake.

"Kiprugut arap Chumo?"

"Mgonjwa."

"Bado anaumwa nini, mama?"

"Kile kilekile."

Hadi katikati ya Mei alikuwa amefanya kazi siku mbili tu. Palikuwa bado thelathini na tisa, na hazikuonekana kuwa na haraka. Hapo ndipo Jeruto akataka jambo moja zaidi. Mtu akishapata paa, hukumbuka jina. Akaamua kumwomba Bwana afute lile neno na kuandika kwamba Kiprugut alizama.

Alimkuta pale barabara inapokatiza tope jeusi. Bwana alikuwa ameamua kuendesha mwenyewe, na Zeddy alikaa kando yake, kitabu magotini, maana walikuwa wakienda kupokea nguruwe wengine. Pikapu ilikuwa imezama. Kwa uzito wa mbele ilikuwa imeingia kwa pua kama bata, na winchi, waya, ndoano na msumari wa Kipkemei vyote vilikuwa chini. Tope lilikuwa limefika madirishani.

Jeruto alisimama mahali pakavu, akasalimu, akaeleza shida yake bila haraka. Alisema hataki kitu kingine, neno tu.

Bwana Mluzi alisikiliza mpaka mwisho. Alikuwa mtu wa haki kwa namna yake.

"Hapana," alisema. "Hii tope hapana refu. Hapana weza kumeza mtu. Zeddy, andika hivyo."

Zeddy akainua kitabu juu ya kichwa kisilowe, akatafuta ukurasa, akaandika hivyo. Mkono wake ulitulia, na mwandiko ulikuwa mzuri kama kawaida. Alipomaliza, tope lilikuwa limefika kwenye kola ya Bwana.

"Ndiyo, Bwana," alisema Jeruto, akaenda kukamua.