Makofi Yasikatike

Usiku wa jana niliota nimeitwa kuthibitisha kwamba mimi si mtu wa kawaida. Nilikuwa nimelala na wasiwasi huo huo, kwa hiyo sikushangaa. Kibali changu cha kuishi Marekani kinaisha mwezi ujao. Nisipoonyesha kwamba nina kipaji kisicho cha kawaida katika kazi yangu ya utafiti wa muhogo, narudi Muheza, na miche yangu inabaki maabara, kwenye chupa, mikononi mwa watu wasiojua hata kupika kisamvu.

Wakili wangu, Rwegasira, Mhaya wa Kamachumu, ameshanirudishia maelezo ya ombi langu zaidi ya mara moja. Kila nilipoandika "tulijaribu" amepiga mstari mwekundu. "Dada Siwema," aliniambia, "kwetu mtu alisimama mbele ya mfalme na mkuki mkononi, akajisifu mpaka jasho likamtoka. Wewe unaandika kama unaomba chumvi kwa jirani."

Basi, ndotoni niko ukumbini. Ofisa ni mzani, ule wa kupimia mahindi sokoni, amefunga tai. Mshale wake uko kwenye sifuri.

"Weka ushahidi," anasema.

Naweka medali yangu. Mshale unapanda, na moyo wangu unatulia kidogo.

"Uliipata kwa kazi gani?"

"Tulitafuta muhogo usioshikwa na ugonjwa wa michirizi ya kahawia. Tulishirikiana wengi."

Mkasi unatoka kwenye droo bila kuitwa. Unaikata medali vipande vipande, na kila kipande kinatoka mlangoni kwenda kwa mwenyewe. Kimoja kinamfuata dereva aliyekuwa akitupeleka shambani. Changu kinabaki kidogo kama kucha. Mshale unalala.

"Lakini muhogo wenyewe uliupata wewe?"

"Nilibahatisha tu, kwa uwezo wa Mungu."

Mzani anaandika: amebahatisha. Anaita muhuri. Muhuri unakuja kwa miguu yake, unasimama karibu na karatasi zangu, unasubiri.

Jamani, hayo ni maneno ya adabu tu. Kwetu mtu akikusifia pilau unamwambia leo halikutoka vizuri, na wote mezani wanajua limetoka. Nataka kumweleza hivyo, lakini ulimi umekuwa mzito.

"Shahidi aingie," anasema mzani.

Anaingia muhogo wangu, na udongo wake mwilini. Anaketi, anakunja nne, ananitazama kwa uchungu.

"Mama, unanikana mbele za watu?"

"Sijakukana."

"Umesema umenibahatisha. Ulikesha na mimi kwenye chupa, ukanitoa shambani wenzangu wote wameoza, leo mimi ni mtoto wa kubahatisha?"

Mzani anakohoa. "Limebaki sharti la sifa za mfululizo," anasema. "Makofi yasikatike."

Ukuta unaondoka, na sasa tuko uani kwetu, Muheza. Mama ameketi juu ya mbuzi ya kukunia nazi, anapiga makofi. Hapigi kwa furaha. Anapiga kama mtu aliyepewa kazi na hajaambiwa inaisha lini.

"Anapiga tangu lini?" nauliza.

"Tangu ulete ombi," anajibu mzani. "Akiacha kabla sijaridhika, nafunga faili na wewe unarudi."

Mama ana baridi yabisi. Kufungua chupa ya mafuta tu huwa anamwita mtu. Viganja vimeshakuwa vyekundu. Naogopa mambo mawili kwa pamoja, kwamba ataacha na kwamba hataacha.

"Mama, pumzika."

"Nipumzike vipi, nawe hujasema?"

"Niseme nini? Si wewe uliyenifundisha chema chajiuza?"

"Kibaya chajitembeza," anamalizia, na mikono haisimami. "Nilikufundisha kwa ajili ya majirani, wanaotujua. Huyu mzani anamjua nani kwetu? Sema, mwanangu. Mikono inaniuma."

Pembeni namwona Rwegasira na mkuki wake. Amekatazwa kunisemea, na anatokwa jasho kwa kunyamaza.

Naona aibu mpaka masikio yanapata moto. Nafungua mdomo. "Sisi," nasema, na mkasi unainuka. Naufunga mdomo. Mama anapiga. Sasa makofi yake yanatoka moja moja, na kati ya moja na jingine namsikia anavuta pumzi.

"Mimi," nasema.

Mshale unatikisika.

"Mimi, Siwema binti Shekalaghe, ndiye niliyeutafuta muhogo huu. Mimi ndiye niliyeupata. Na katika kazi hii sijamwona anayenishinda."

"Hewala," anasema muhogo.

Mshale unapanda, unapita namba ya mwisho, unatokeza nje ya uso wa mzani. Mama anashusha mikono mapajani. Muhuri unachovya wino, unainuka, na kabla haujatua nikaamka.

Kulikuwa kumekucha. Mume wangu alikuwa jikoni anachemsha chai. Kwenye simu kulikuwa na ujumbe wa sauti kutoka kwa mama, maana Muheza jua lilikuwa limeshapanda zamani.

"Mwanangu, asalaam aleikum. Sie huku wazima. Ila sijui nimelalaje, nimeamka viganja vyekundu, vinawaka moto, mpaka nazi nimemwachia wifi yako akune. Basi nikakukumbuka tu. Lile ombi lako limefikia wapi?"

Nilisikiliza mara ya pili, nimekaa kitandani. Kisha nikafungua yale maelezo, nikafuta kila "tulijaribu", nikaandika niliyoyasema uani, neno kwa neno. Nikampelekea Rwegasira.

Ndipo nikamjibu mama: "Paka mafuta ya nazi, mama, upumzike. Nimeshasema."