Sufuria la Jumuiya na Meneja wa Dafina

Kampuni ikitaka kufa, ife. Mimi sikuizaa, sina sababu ya kuililia. Ila ife na vyombo vyake yenyewe, sio na sufuria letu!

Nasema hivi kwa sababu mpaka leo kuna watu hapa Mpanda wanaonong'ona kwamba Emerensiana aliiba mali ya kampuni. Niliiba? Mimi? Haya, kaeni chini niwaeleze, halafu mtasema wenyewe.

Miaka ile serikali ilikuwa imechoka kupika, kufagia na kulinda, kazi zote ikaikabidhi kampuni moja ya Dar iliyoitwa Dafina Huduma. Dafina ndiyo iliyowapikia wagonjwa, ndiyo iliyofyeka majani mahakamani, ndiyo iliyofagia soko. Hata kengele ya shule ilipigwa na mtu wa Dafina, kavaa sare na kofia. Mimi nilikuwa mpishi mkuu wa jiko la wagonjwa. Mkuu wa nini! Wagonjwa themanini, wakaniletea visufuria viwili vya kuchemshia chai. Nikaandika barua kuomba sufuria kubwa. Nikaandika ya pili. Wakaniletea kofia.

Nifanye nini? Nikaenda kuchukua sufuria la jumuiya.

Jumuiya yetu ya Mtakatifu Anna ilikuwa na sufuria moja kubwa, watoto wawili wanajificha ndani ukafunika. Walilinunua akina mama saba wa zamani kwa kuuza asali na karanga zao, na majina yao yakatobolewa kwa msumari karibu na ukingo. Jina la tatu ni la marehemu mama yangu, Veridiana. Mimi ndiye niliyekuwa mtunza vyombo. Sufuria hilo lina sheria mbili tu. Ya kwanza, anayekula wa mwisho ndiye anayelisugua, awe nani, hata padri ameshalisugua. Ya pili, anayelipoteza, jumuiya haipiki tena kwake, iwe harusi, iwe msiba.

Basi nikapika nalo vizuri mpaka alipokuja mkaguzi wa kampuni. Akasema kila chombo jikoni lazima kiwe na rangi ya kampuni, kisichokuwa nayo kitupwe, na mwenye nacho afukuzwe. Niliogopa. Nikachukua brashi, nikalipaka bluu mzunguko mzima, juu ya majina yote. Juu ya jina la mama yangu! Rangi ikiungua, napaka tena. Nilijiambia ni rangi tu, lakini kila nikipaka nilikuwa naangalia pembeni.

Sasa sikilizeni. Februari ya mwaka tisini na nane, mvua ya Elninyo inamwagika kama imetumwa, akashuka kwenye treni meneja wa kanda, Bwana Eustace, mfupi, ana miwani na mkoba. Jumatatu asubuhi akatukusanya kwenye mlingoti wa bendera, akasema Dafina imefilisika nchi nzima, kazi zote zimekoma saa ile ile, asanteni na kwaherini. Akatoa orodha. Kila chenye rangi ya bluu kinaingia bohari, na Jumatano kinapanda treni kwenda Dar.

Mimi nilikuwa bado nashangaa, nikaona sufuria letu linapita, limebebwa na watu wawili.

"Baba, hilo ni la jumuiya!" nikapiga kelele.

Bwana Eustace akaangalia orodha, akaangalia sufuria. "Mama, hili ni la bluu."

"Bluu nimepaka mimi!"

"Basi umeikabidhi kampuni kwa mkono wako mwenyewe," akasema, akatia kufuli.

Mlangoni akamweka Lyamba, askari wa kampuni, Mkonongo wa Inyonga. Lyamba naye kazi imekwisha kama sisi, lakini alikataa kuondoka. "Nililetwa hapa kwa barua," akasema, "nitaondoka kwa barua." Nikamwambia barua itatoka wapi, kampuni imekufa. Akaniambia basi ataingoja.

Jioni ile ile mwenyekiti wetu, mama Générose, akaja kwangu kutoka upande wa Katumba, matope mpaka magotini. Mwanangu Emelyne alikuwa anaolewa Jumamosi na kijana wa Mamba. Mchele wa wakwe umeshafika, na Jumatano inayofuata ni ya Majivu, Kwaresima inaanza. Ukikosa Jumamosi hiyo, hakuna ndoa mpaka Pasaka, na wakwe wenyewe walikuwa wameshaanza kusema safari ni ndefu, mvua nyingi, kwani wasichana wameisha kwetu Mpimbwe?

"Sufuria liko wapi?" akauliza Générose.

Nikamwambia. Akacheka kwa pua. "Cha kuazima hakistiri matako, mama Emelyne. Sheria unaijua. Hakuna sufuria, hakuna wapishi."

Nililia usiku kucha. Kumwaibisha mtoto siku ya harusi yake, kwa brashi yangu mwenyewe!

Lakini Mungu si Athumani. Jumatano treni haikuja. Alhamisi haikuja. Maji yalikuwa yamezoa reli huko njiani, barabara ndiyo usiseme. Bwana Eustace akakwama Mpanda pamoja na orodha yake.

Na kukwama si kitu, kitu ni kula. Mama ntilie wa soko zima walikuwa dada, mawifi na mashangazi wa watu aliowafuta kazi. Anafika, jungu linatoa moshi, anaambiwa chakula kimekwisha.

"Na hicho kinachochemka?"

"Hayo ni maji ya kuoga, baba."

"Mbona yananukia kitunguu?"

"Ndivyo tunavyooga huku."

Akaenda dukani kwa Mwanahija, ambaye mumewe alikuwa mfagiaji wa Dafina. Mwanahija akamwambia biskuti zile ni za kutazama. Siku nne nzima mtu mzima akaishi kwa ndizi mbivu na maji ya mvua. Suruali ikawa inashikwa kwa mkono.

Ijumaa asubuhi nikamkuta amekaa kwenye ngazi ya jiko langu. Wodini wenye ndugu walikuwa wanaletewa chakula, ila waliotoka mbali, Mwese na huko, walikuwa wanaomba kwa majirani wa kitanda. Nikamwambia, "Mahindi yapo, maharage yapo, kuni zipo. Chombo ndicho umekifungia. Ukikitoa, wagonjwa watakula, na wewe utakula."

Akaangalia orodha. Tumbo lake likanguruma mpaka paka wa jikoni akakimbia. "Kwa matumizi ya muda," akasema, akainuka.

Lyamba akafungua, huku anasoma kwa sauti: "Sufuria kubwa la bluu, moja. Linatoka la bluu, lirudi la bluu."

Nikapika makande, nikatia karanga za kutosha. Wodi zote zikala. Bwana Eustace akala sahani ya kwanza amesimama, ya pili amekaa, ya tatu sikuiona ilivyokwenda. Watu wote wamemaliza, wanafuta midomo, yeye kaingiza kichwa ndani ya sufuria anakwangua.

Ndipo akatokea mama Générose. Alikuja kuniambia jumuiya imeamua, harusi haipikwi. Akaona sufuria, akaona miguu miwili imesimama nyuma ya hilo sufuria.

"Nani amekula wa mwisho?" akauliza.

Watu wote tukaangalia ile miguu.

"Mimi ni meneja wa kanda," Bwana Eustace akasema alipotoa kichwa.

"Padri wetu alisugua. Wewe umempita padri?"

Akamwekea mchanga, majivu na magunzi. Naye, nadhani kwa shibe, maana aliyeshiba hana ubishi, akavua koti, akachuchumaa. Alisugua ndani, akahamia nje. Générose kamsimamia, mikono kiunoni: "Hapo bado. Na hapo. Kwenu hawasugui?" Masizi yakatoka. Kisha nikaona maji yanatiririka bluu.

Nikafunga mdomo wangu, kitu ambacho si kawaida yangu.

Akafika karibu na ukingo, akasimama. Akafuta miwani. Akasoma moja moja kwa kidole, la kwanza, la pili, la tatu. "Ve-ri-di-a-na. Huyu ni nani?"

"Mama yangu," nikasema, na machozi yakanitoka mbele ya watu. "Amekufa. Nilimpaka rangi kwa kuogopa kofia yako."

Akatazama orodha kwenye mkoba, akatazama ile bluu iliyobaki upande wa pili. Kisha akachota mchanga mwingine, akasugua upande ule kwa nguvu zote mpaka hakubaki hata doa, na sufuria likang'aa.

Jioni tukalirudisha kwa Lyamba. Akalizunguka mara mbili.

"Hili si la bluu," akasema.

"Si la bluu," akakubali Bwana Eustace.

"Basi sililindi. Liondoeni hapa, linanizibia njia."

Kwenye orodha Bwana Eustace akaandika, "Sufuria kubwa la bluu: halikuonekana."

Jumamosi Emelyne akaolewa. Wali wa Mamba uliiva ndani ya sufuria lile, jumuiya nzima ikapika, na wakwe wakasahau habari ya safari ndefu. Bwana Eustace alikuja mapema, akapanga foleni wa kwanza kabisa kwa uoga. Lakini wali ulikuwa mtamu, akarudi, akarudi tena. Jua likizama tukamwona kachuchumaa na gunzi mkononi, anaimba.

Treni ilipokuja, wiki ya tatu ya Kwaresima, alikuwa ameshajua kusugua kuliko Générose. Siku ya kuondoka akatuambia kwamba jina lake nalo lilikuwa kwenye orodha ile tangu mwanzo, ukurasa wa mwisho, wa kufutwa kazi. Générose akamsonya kwa huruma, akachukua msumari na jiwe.

Kwa hiyo anayesema niliiba asije kugombana na mimi. Aende kwenye jumuiya alisome sufuria. Chini ya majina ya akina mama saba, chini ya mama yangu Veridiana, pametobolewa: EUSTACE, ALISUGUA.