Nafasi ya Nyundo Ukutani

Shuleni kwao wasichana wenzake walimwita Kidomo, na jina lilimkaa. Walipochaguliwa wanafunzi kumi na wanne kwenda kusoma wiki nne nchi jirani, mwalimu aliyesafiri nao alimvuta pembeni pale uwanja wa ndege. "Wewe hasa. Ukiona ya watu, hukuona. Mdomo uliponza kichwa."

Mpango ulikuwa wa kubadilishana watoto. Kila mmoja analala kwa mwenyeji wake wa rika moja, na wiki nne zikiisha mwenyeji naye anapanda ndege ya kurudi pamoja na mgeni wake, akakae kwao. Kidomo alipangiwa kwa fundi wa kuchomelea mageti. Nyumba ilikuwa vyumba vitatu nyuma ya karakana, na hata shuka zilinuka chuma kilichoungua.

Fundi alimpokea kwa kicheko mpaka magego yakaonekana. "Mgeni njoo, mwenyeji apone!" Kisha akampeleka kumwonyesha ukuta wake. Kila kifaa kilining'inia mahali pake, na nyuma ya kila kifaa alikuwa amechora umbo lake kwa rangi nyeupe: koleo, tupa, patasi, msumeno, nyundo tatu. "Kitu kikikosekana," alisema, "ukuta wenyewe unaniambia." Mwisho wa mstari ulining'inia mkanda mweusi wa mashine, nao umechorewa umbo lake. Kidomo akadhani ni kipuri.

Siku ya nne alijua kazi ya ule mkanda. Binti wa nyumba, mwenyeji wake, alikuwa amerudisha tupa kwenye umbo la patasi. Fundi hakupaza sauti. Aliutungua mkanda, akamwambia binti yake ageuke, akamchapa sita za mgongo. Mama alikuwa jikoni akimenya viazi, na kisu chake hakikusimama hata mara moja. Fundi akaurudisha mkanda ndani ya mchoro wake, akajifuta jasho, akamwambia mgeni chai iko tayari.

Kesho yake, njiani kwenda shule, Kidomo alishindwa kujizuia. "Lazima tumwambie mtu."

"Nyamaza, ndugu yangu," binti alisema. "Zimebaki siku ishirini na tatu. Mama mdogo yuko kwenu, nimeshaongea naye. Nikipanda ile ndege, sirudi. Lakini baba asiposaini ridhaa, sipandi. Mgongo ni wangu, nitavumilia."

Kidomo akaapa kunyamaza. Na kweli alinyamaza, jambo ambalo kwao wasingeliamini hata kwa dawa. Lakini Alhamisi ya wiki ya tatu mkanda ulimpata binti sikioni, damu ikamtiririka hadi kwenye kola. Akakilowesha kitambaa, akajifuta, akaendelea na hesabu zake.

Kila Ijumaa walijaza fomu ya maendeleo. Chini yake palikuwa na nafasi ya saini ya mzazi mwenyeji, ila mwalimu wao alikuwa akiisaini mwenyewe, kwa kuwa kuzunguka nyumba kumi na nne, alisema, ni adhabu ya mwizi. Kidomo akajua fomu inaishia mikononi mwa mwalimu. Akaandika: "Fundi anampiga binti yake kwa mkanda wa mashine mpaka damu. Mwalimu, tusaidie."

Wiki hiyo mkuu wa shule ya wenyeji alikuwa ameushtukia mchezo ule wa saini na kumkaripia mwalimu mbele ya watu. Basi mchana ule mwalimu akazunguka mwenyewe, jasho likimtoka, akigawa karatasi bila kuzisoma. Pale karakana alimwachia fundi mbili: fomu ya Kidomo, na ridhaa ya safari ya binti. "Nitazipitia baada ya nusu saa," alisema, akaenda nyumba ya pili.

Wasichana walirudi kutoka dukani wakamkuta fundi amesimama katikati ya karakana, karatasi mkononi. Kidomo aliutambua mwandiko wake.

"Kwa hiyo unanitangaza," fundi alimwambia binti yake.

"Si yeye! Ni mimi niliyeandika!" Kidomo alipiga kelele.

"Wewe mgeni. Mgeni anajua nini asichoambiwa?"

Safari hii hakumwambia ageuke. Mkanda ulimpiga binti usoni, akaanguka kwenye vipande vya chuma. Fundi akampiga teke la mbavu, kisha jingine. Kidomo alimrukia mgongoni. Fundi akamkung'uta, akamkaba koo, akambamiza ukutani hadi vifaa vikamwagika. Mkono wa Kidomo ukapapasa, ukakutana na mpini wa nyundo kubwa. Akapiga kifundo cha mkono uliomkaba, na mfupa ukalia kama kuni kavu. Fundi akamzaba kofi kwa mkono wa kushoto. Kidomo akampiga nyundo ya goti. Mwanamume akaanguka akilia kama mtoto, na Kidomo, Mungu amsamehe, akampiga tena mguu uleule.

Binti aliinuka, damu kidevuni. Alimwendea Kidomo akamzaba kofi kwa nguvu zote. "Siku saba! Zilibaki siku saba! Nani alikutuma?" Kisha akaketi sakafuni, akalia.

Mwalimu aliporudi, alishika kichwa. "Mmefutwa kwenye mpango! Wote wawili!"

Hapo ndipo mama alitoka jikoni. Aliokota ridhaa sakafuni, akaikunjua juu ya meza ya kazi.

"Mwalimu, hapa wameandika saini ya mzazi. Mimi niliyemzaa ni nani?"

"Mama, baada ya haya yote..."

"Ile fomu ya mtoto wako, uliisoma kabla ya kumpa mume wangu?"

Mwalimu akapapasa mfukoni. Akatoa kalamu.

"Saini uone, mwanamke," fundi alikoroma kutoka sakafuni.

Mama akasaini, polepole, kwa mwandiko wa darasa la nne. "Nenda nao sasa hivi," alimwambia mwalimu. "Wakae kwako mpaka siku ya ndege."

"Na wewe, mama?" binti aliuliza.

"Baba yako anahitaji hospitali. Nitampeleka nikiwa tayari."

Mlangoni Kidomo aligeuka. Mama alikuwa ameiokota nyundo. Aliutazama ukuta, pale umbo jeupe lilipokuwa wazi likiisubiri, lakini hakuirudisha. Alivuta kigoda, akakaa mbele ya mumewe, nyundo mapajani.

"Haya," alimwambia. "Ukuta unakuambia nini?"